Nilivyomuitikia Tutu

Siku hiyo, mwanangu, kila nikiikumbuka masikio yangu hupata moto, na miaka yote hii hayajajifunza kupoa. Sikuwa na nia ya kumsimulia mtu. Lakini juzi ulikuja hapa Baushar, Maskati, ukanikalia sebuleni na simu yako mkononi, ukaniuliza: "Bibi, eti ni kweli ulikuwa ukipiga lile gitaa la Hawaii, la nyuzi zilizolegezwa? Basi nitafutie pa kujifunzia. Na lugha yao pia nnaitaka." Nikakujibu ngoja nifikiri. Sikuwa nafikiri chochote. Nilikuwa naona haya.

Basi kaa. Mimina kahawa, nipe na mimi, kisha nikwambie.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, karani katika ofisi moja ya bima kule Ruwi, msichana mwembamba mwenye majivuno mengi. Usinitazame hivyo, wembamba nilikuwa nao. Kaka yangu Nasser, ambaye ni babu yako, alikuwa akisoma Amerika kwa gharama za serikali. Likizo moja alirudi na kaseti isiyo na picha wala jina, aliyorekodi kwa mwenzake wa bwenini. Tukaiweka. Lilikuwa gitaa moja tu, lakini utasema wamekaa watu wawili, mmoja anasimulia na mwengine anamsindikiza chini chini kwa sauti nzito. Nasser akanieleza kwamba Wahawaii huzilegeza nyuzi mpaka gitaa likatoa sauti tamu hata kama hujabana kitu, na namna hiyo ya kupiga wenyewe wanaiita kī hōʻalu. Alipotaka kuondoka na kaseti yake nikaificha chini ya godoro, akasafiri bila hiyo.

Enzi hizo hapakuwa na hilo dirisha lako la kuuliza kila kitu likajibu. Palikuwa na wasafiri. Unaijua desturi yetu: mtu akisikika tu kwamba anasafiri, jamaa wote wanamletea maagizo. Wengine huagiza dawa ya mgongo, wengine viatu vya watoto. Mimi nikaagiza Hawaii. Kila aliyekwenda Amerika nilimng'ang'ania, na kidogo kidogo nikapata kitabu cha kujifunzia lugha pamoja na kanda zake, kamusi ndogo, na kitabu cha gitaa chenye michoro ya vidole. Gitaa lenyewe nililinunua Ruwi. Shangazi Rahma akaniuliza mbele za wageni, "Na Kiarabu umeshakimaliza?" Watu wakacheka sana, maana walijua Kiarabu changu kilivyokuwa kikichechemea. Nikanuna siku nzima, lakini sikuacha.

Nikajifunza peke yangu chumbani. Nikajua zipi nyuzi tatu za kulegeza kwa mlegezo wa kawaida, ule wa wanaoanza, na nyimbo mbili tatu zikakaa mkononi. Na kwenye lugha ndipo nilipoharibikiwa, kwa sababu ulimi wangu ulikuwa umeshatayarishwa. Vokali zao ni hizi zetu za Kiswahili, hazina ujanja. Maneno yao yanaishia kwa vokali kama yetu. Na pale wanapokata sauti kooni, pale ambapo Mzungu hupata tabu, sisi hamza tumefundishwa chuo cha Kurani tukiwa wadogo, na kuvuta sauti tumefundishwa. Kwa hiyo nilikuwa nasoma ukurasa mzima kwa matamshi ambayo hata msemaji wa ile kanda nilimwona ananizidi kidogo tu. Maana ya nilichokuwa nakisoma niliiacha nyuma, nikajiambia itanifuata.

Ofisini nilikuwa na mwenzangu wa Kihindi, Bi Shanta, mkaazi wa Qurum. Siku moja aliniona na kamusi yangu wakati wa chai, akasema jirani yake ni Mmarekani kutoka Hawaii, na mama yake amekuja kumtembelea, na jioni huyo mama hukaa barazani na gitaa. Nilikaribia kumwagikiwa na chai. Nilikuwa nasumbua wasafiri waniletee kaseti kutoka upande wa pili wa dunia, na kumbe mwenyewe yuko hapa hapa mjini, Qurum.

Nikapiga simu. Binti aliyepokea aliitwa Nohea, mke wa mhandisi wa maji, na nikamweleza shida yangu. Kisha akanieleza kwa Kiingereza kwamba Kihawaii ndicho mama yake alichokulia, lakini watoto wake hakuwafundisha. Shuleni alipigwa kwa kukizungumza, akaona asiwarithishe balaa hilo. Sasa ni mtu mzima, anajuta, na kila anapokwenda anatafuta wa kuzungumza naye. "Wiki hii ndiyo ya mwisho yuko hapa," akasema. "Njoo tafadhali."

Nilikwenda Jumatatu baada ya kazi, na bakuli la halwa, maana kwetu huendi kwa watu mikono mitupu. Mama mwenyewe alikuwa mfupi, miguu haifiki chini akikaa kitini, nywele za mvi kazisuka msuko mmoja, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Nohea akanambia nimwite Tutu, ndivyo kwao wanavyomwita bibi. Kisha akatuacha barazani, akaenda kuwachukua watoto wake.

Nilikuwa nimehifadhi maneno ya kujitambulisha kama yalivyo kwenye kitabu: jina langu, kwetu wapi, mama yangu nani, baba yangu nani, nimekuja kwa heshima kujifunza. Nikayasema yote bila kusita, kila hamza mahali pake. Tutu akavua miwani. Akaniangalia, machozi yakamtoka, hakuyafuta. Kisha akaanza kuzungumza.

Alizungumza, mwanangu, kama mtu aliyekuwa amenyamaza mwaka mzima. Neno la kwanza nililishika, la tatu nikalishika, baada ya hapo sikushika kitu. Na Tutu Kiingereza alikuwa akikijua kuliko mimi. Ningesema sentensi moja tu, "Samahani, bado sielewi," angecheka, angenigeuzia lugha, tungeendelea. Lakini ningeisemaje baada ya kuingia kwa kishindo kile? Na isitoshe unajua tulivyolelewa. Mkubwa akizungumza, unainamisha kichwa na kuitikia. Naam bibi, ndiyo babu, inshallah ami. Hata akikwambia mwezi umetiwa chumvi, unasema naam. Nilijidanganya kwamba ile ni adabu.

Basi nikawa namuitikia. Kwao ndiyo ni ʻae, na hiyo nilikuwa naitamka vizuri mno. Akicheka nacheka. Akihuzunika nahuzunika. Akinyamaza nasema, "ʻAe, Tutu." Naona haya hata kukuigizia.

Kisha akachukua gitaa lake. Akaweka sikio kwenye mbao, akawa anazigeuza nyuzi moja moja, hii anailegeza, ile anaikaza kidogo, mpaka akaridhika. Akapiga. Sauti ile sikuwa nimeisikia kwenye kaseti yoyote. Ilikuwa ya chini sana, na palikuwa na uzi mmoja kama unaokosea makusudi kisha unajirudi. Nywele za mkono zilinisimama. Alipomaliza akaniwekea gitaa mapajani, akanishika vidole akavipanga juu ya nyuzi, na akanambia jambo polepole sana, huku akijionesha mwenyewe kifuani, kisha ananionesha mimi. Mwishoni akauliza kitu. Nilijua ni swali kwa vile alivyonyamaza akingoja.

"ʻAe, Tutu," nikasema.

Hakuridhika. Akanishika mikono yote miwili, akauliza tena, akinitazama machoni.

"ʻAe."

Akavuta uso wangu, akaweka paji lake juu ya paji langu, akavuta pumzi, kama wanavyofanya wao kwa mtu wao. Nohea akarudi na watoto na kelele zao, nikaaga.

Nyumbani niliingia kama niliyeshinda mashindano. Wakati huo bibi yetu mzaa baba, Bibi Salma, alikuwa hai, anakaa chumba cha mbele. Nikatangaza kwamba nimezungumza Kihawaii na mwenyewe saa nzima, na mwenyewe amelia kwa furaha. Shangazi Rahma safari hii hakuwa na la kusema.

"Mashaallah," akasema Bibi Salma. "Kakwambiaje?"

"Mambo ya kwao tu, Bibi."

"Mambo gani?"

Nikasema naenda kunawa mikono. Bibi akanitazama mpaka nikatoka.

Siku zile mapumziko yetu yalikuwa Alhamisi na Ijumaa. Alhamisi tulikwenda Qantab jamaa wote, na masufuria na majamvi na watoto. Tukaoga baharini, tukala samaki wa kuchoma na wali wa nazi, nikaimba njia nzima kurudi. Nakwambia haya ili ujue nilikuwa nafanya nini wakati ule.

Jumamosi asubuhi nikaitwa kwenye simu ya ofisini. Alikuwa Nohea.

"Ulikuwa unaumwa?" akauliza.

Nikamuuliza kwa nini.

"Mama alikungoja juzi. Alisema umemwahidi kuja Alhamisi asubuhi. Alivaa nguo yake nzuri, akakaa barazani na gitaa, na mchana akakataa kula, akasema hawezi kula kabla ya mgeni wake. Alikaa mpaka magharibi. Usiku ule ule akasafiri." Akasita kidogo. "Samahani, labda alikosea. Lakini alinambia alikuuliza mara mbili, na mara zote mbili ulikubali."

Moto wa masikio niliokwambia ulianza hapo, kwenye ile simu, mbele ya makarani wenzangu. Na hata hapo, mwanangu, mlango wa kusema kweli ulikuwa bado wazi. Nikasema nilipatwa na homa. Uongo ulinitoka kwa Kiingereza kizuri, bila kukwama. Nohea akaniombea nafuu, na dua yake ile ndiyo iliyoniumiza kuliko kama angenitukana.

Sikuweza kufanya kazi. Nikarudi nyumbani mapema, nikaenda moja kwa moja chumba cha mbele, nikamweleza Bibi Salma kila kitu. Alikuwa akichambua mchele, hakuacha kuchambua mpaka nilipomaliza.

"Kwa hiyo mtu mzima kakuuliza jambo, ukasema ndiyo, na hujui kakuuliza nini."

"Ndiyo, Bibi."

"Na mara ya pili?"

"Pia."

Akaweka ungo chini. "Mimi nilipokuja hapa kutoka Unguja, Kiarabu sikuwa nacho hata cha kuombea maji. Jirani akinisemesha ukutani nasema naam, naam. Siku moja kaamka kaniletea mbuzi zake zote, yeye huyo kaenda kwao Ramadhani nzima. Kumbe nilikubali kumlishia. Wamekula mpaka kanga zangu kwenye kamba." Nilitaka kucheka, akaninyooshea kidole. "Usicheke. Mimi niliitikia kwa woga, nilikuwa mgeni, nikaogopa wataniona mjinga wanifukuze. Wewe nani alikuwa anakufukuza? Yule bibi kakupokea, kakulilia. Wewe uliitikia ili uonekane hodari. Umemchukua mtu mzima ukamfanya kioo cha kujitazamia."

Nikainamisha kichwa.

"Na hiyo homa," akasema, "nenda kaiondoe leo leo. Halwa safari hii usichukue. Nenda na hiyo aibu yako peke yake, inatosha kuwa zawadi."

Nikaenda Qurum mikono mitupu, mara yangu ya kwanza kwenda kwa watu hivyo. Nohea alinifungulia, akaniuliza hali ya homa. Nikamwambia pale pale mlangoni, hata viatu sijavua: sikuwa na homa, nilikuwa Qantab nakula samaki. Sikujua nimeahidi kitu. Katika yote aliyosema mama yako sikuelewa ila maneno mawili matatu.

Akaniuliza: "Kwa nini hukumwambia? Kiingereza mama anakijua."

Nikainama kuvua viatu.

Akanipeleka sebuleni. Gitaa la Tutu lilikuwa limelala kwenye kochi. Alikuwa amemwachia binti yake. Nyuzi zote zilikuwa zimelegezwa kabisa, zinaning'inia, ukizigusa hazitoi kitu. Nikadhani ni kwa ajili ya kulihifadhi. Nohea akanambia siyo. Kwao, akasema, watu wa zamani kila nyumba ilikuwa na mlegezo wake, na waliulinda kama sisi tunavyolinda mambo ya ndani. Mpigaji akiinuka kwenda hata kunywa maji, hufungua nyuzi zote kwanza, ili asije mtu akaliokota gitaa akaijua siri ya nyumba. Ule nilioupigiwa Jumatatu ulikuwa wa baba yake Tutu. Tutu hakuwahi kumpa mtu, kwa sababu baba yake huyo aliagiza apewe anayeijua lugha, maana nyimbo za mlegezo ule hazipigwi bila maneno yake. Watoto wa Tutu hawakuijua. Akaja msichana wa Maskati, anatamka kama mtu wa kwao, akaulizwa utakuja Alhamisi nikupe, na utautunza? Akasema ndiyo mara mbili.

Nilikaa chini, mwanangu. Si kwenye kiti, kwenye sakafu.

Nohea hakunionea huruma sana, na ninamshukuru kwa hilo. Alihesabu saa za kwao, akaniambia tungoje mpaka usiku, mama atakuwa ameshafika na ameshaamka, kisha akapiga simu. Akamweleza kwa maneno machache, kisha akanipa mimi. Nikasema kwa Kiingereza: Tutu, nisamehe, siku ile nilikuwa nakuitikia tu, sikuwa naelewa uliyokuwa ukinambia.

Nilisikia jogoo akiwika huko kwao. Kisha akasema, si kwa hasira, kwa sauti ya mtu aliyepoteza kitu akawa anakitafuta chumbani:

"Basi siku ile nilikuwa nazungumza na nani?"

Nimeulizwa maswali mengi katika maisha yangu, na mabosi, na wakwe, na madaktari. Hakuna lililonivua nguo kama hilo. Nikaomba radhi tena. Akanambia amesamehe, na naamini alisamehe, maana aliniuliza nilikula samaki gani. Akanambia nikiweza niende kwake, tutaanza upya, kwa Kiingereza kwanza. Nikasema inshallah, na safari hii nilijua nimeulizwa nini. Lakini ruhusa ya kazi mwaka ule sikuipata, nikaolewa, nikapata mimba ya kwanza, na siku moja Nohea akapiga simu kutoka kwao kunipa habari kwamba Tutu amefariki. Nikamuuliza kwa woga habari ya ule mlegezo. Akasema hapana, hakumwachia mtu.

Sasa lete hiyo simu yako. Haya, humo mna kila kitu nilichowasumbulia wasafiri, na zaidi. Mna masomo ya gitaa ya bure, walimu wanakuonesha vidole kwa karibu. Mna kamusi yao, mna redio inayozungumza lugha yao tangu asubuhi, mna madarasa ya watu wanaojifunza kwa mbali. Na ile milegezo iliyokuwa ikifichwa, mingi wazee wa huko wameamua kuitoa wenyewe, wakaona afadhali ijulikane kuliko kufa nayo. Nimeipitia, nikaisikiliza mmoja mmoja na miwani yangu hii. Wa baba yake Tutu haumo.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na ushike moyoni. Hivyo vya kwenye simu vichukue, usijidharau kwa kuvitumia, lakini usivikusanye ukadhani umeshajua. Tafuta mtu aliye hai, awe huko kwao au popote, umuombe kwa adabu akusikilize unavyokosea. Na kabla hujajifunza salamu, kabla ya kujitambulisha, jifunze kusema ʻaʻole maopopo iaʻu. Maana yake sielewi. Iseme siku ya kwanza, iseme ya pili, usione haya kuisema mbele ya watoto. Aibu ya kutoelewa inakwisha pale pale mtu anapokueleza. Aibu ya kujifanya umeelewa utazeeka nayo, kama unavyoniona. Na heshima kwa mkubwa si kumuitikia, mwanangu. Heshima ni kumsikia alichosema, na kama hukumsikia, umuombe arudie.

Haya, nenda. Mungu akupe vidole vyepesi na masikio yaliyo wazi. Akukutanishe na mwalimu mwenye subira, na akupe uso wa kumwambia hujaelewa. Na siku mtu mzima atakapokushika mikono akakuuliza jambo kubwa, Mwenyezi Mungu akujaalie ujue umeulizwa nini kabla hujasema ndiyo, na ukishasema, akujaalie ufike. Amin.